Mtoto Kafaulu PCM: Asomee Uhandisi Gani?



  



Kila matokeo ya mtihani wa taifa yanapotoka, milango ya madrasa zetu hapa Nyamirambo na Biryogo hubishwa na watu ambao hawakuja kuuliza habari za tajwidi. Ni baba ameshika karatasi ya matokeo, au mama amefuatana na binti yake, na swali huwa lile lile: "Maalim, mtoto kafaulu PCM, anasema anataka uinjinia. Sasa uinjinia gani?" Ndugu zetu wa Buyenzi kule Bujumbura wanatuambia kwao ni hivyo hivyo, na waliopeleka watoto Kampala nao wanapiga simu wakiwa mbele ya fomu ya kuomba chuo, siku ya mwisho ya kuirudisha.

Sisi kazi yetu ni Qur'ani, fiqhi na sira, wala hatujawahi kuchora daraja. Lakini mzazi ambaye hakusoma zaidi ya darasa la sita anakwenda kwa mtu anayemwamini, na mtu huyo mara nyingi ni mwalimu wa mtoto wake. Hivyo haitufai kumjibu "Allah atajaalia heri" kisha tukafunga mlango. Kwa muda sasa tumekuwa tukiwauliza wanafunzi wetu wa zamani, wale waliosoma juzuu Amma kwetu na leo wako katika maji, umeme na ujenzi, na haya tunayoandika ni maoni yetu baada ya kuwasikiliza. Atakayeona tofauti na atuandikie.

Kwanza tukumbushane tulikotoka, maana bila hilo hatuelewi kwa nini swali hili linawatisha wazazi wetu. Zama za ukoloni, Rwanda na Burundi, shule zilikuwa mikononi mwa misheni. Babu zetu waliogopa watoto wao wasije wakabatizwa, na hofu ile haikuwa ya bure. Wengi wakawazuia watoto nyumbani na chuoni kwa maalim. Walikaa katika mitaa iliyoitwa ya Waswahili, Biryogo hapa na Buyenzi kule, wakashika biashara, udereva na ufundi wa magari. Walilinda dini, Allah awalipe. Lakini matokeo yake tunayaona mpaka leo: spana iko mikononi mwetu, na mchoro uko mikononi mwa mwengine. Gari likiharibika, watu huuliza fundi wa Nyamirambo. Serikali ikitaka mtu wa kupanga barabara ambayo magari hayo yatapita, jina la mtu wa Nyamirambo halimo.

Imamu al-Ghazali, Allah amrehemu, katika Ihya Ulum al-Din alihesabu utabibu na hesabu kuwa ni katika fardhi kifaya, na akataja pia kazi za mikono ambazo watu hawawezi kuishi bila ya kuwa nazo, kama kilimo na ufumaji. Tena alilalamikia watu wa zama zake waliokimbilia fiqhi kwa wingi wakauacha utabibu, mpaka mji ukawa hauna tabibu Muislamu. Aliyasema haya zaidi ya miaka 900 iliyopita, naye mwenyewe akiwa ni mwanafiqhi! Basi sisi tulio wanafunzi wa wanafunzi wake hatuna udhuru wa kumwambia kijana kwamba uhandisi ni "mambo ya dunia". Maji ya kutawadhia yanafika msikitini kwa bomba, na bomba lile limepimwa na mtu.

Hapa tuingize neno dogo. Katika mihadhara yetu tumezoea kujisifu kwa al-Jazari na kitabu chake cha mitambo cha mwaka 1206, na kwa wale ndugu watatu wa Baghdad, Banu Musa. Ni kweli, na ni fahari yetu. Lakini tumewahi kuhudhuria mhadhara wa aina hiyo katika msikiti ambao bomba la udhu lilikuwa likivuja tangu Ramadhani iliyopita. Al-Jazari alibuni mitambo ya kupandisha maji, na sisi kubadilisha mpira mmoja wa bomba kumetushinda. Tuyaache hayo.

Turudi kwenye fomu. Kijana anapofungua orodha ya matawi ya uhandisi anakuta majina kumi, kumi na mawili: ujenzi, umeme, mitambo, kompyuta, mawasiliano, maji na mazingira, kilimo, kemia, madini, vifaa vya hospitali, nishati mbadala, mafuta na gesi. Wengi wetu hushauri kwa jina ambalo limesikika redioni mwaka huo. Sisi tunasema hilo ndilo kosa kubwa kuliko yote, na mfano wake uko jirani.

Uganda walitangaza kupatikana kwa mafuta katika bonde la Ziwa Albert mwaka 2006. Vijana wakasikia mafuta, wazazi wakaiona Ghuba machoni, na wengi wakataka kusomea mafuta tu. Lakini mafuta si embe, ukiliona mtini ukalichuma. Mafuta yale yana nta, yakipoa huganda, kwa hiyo bomba la kuyapeleka Chongoleani karibu na Tanga, lenye urefu wa kilomita 1,443, lilibidi lipangwe liwe la kupashwa joto njia nzima. Nchi na makampuni yakabishana juu ya njia, kodi na fedha. Uamuzi wa mwisho wa uwekezaji ulitangazwa Februari 2022. Miaka 16! Kijana aliyemaliza chuo mwaka 2011 na shahada yenye neno moja tu juu yake alifanya nini miaka yote hiyo? Mwenzake aliyesomea mitambo au ujenzi alijenga barabara, alifunga mashine za chai, na bomba lilipoanza kulazwa, naye akaenda kulilaza. Kuunga mabomba, kusimamisha pampu na kupima ardhi ni kazi za matawi ya kale.

Kwa hiyo rai yetu ni hii, na tunaisema wazi ili asiyekubali aipinge: katika shahada ya kwanza, kijana achague shina, asichague kitawi. Shina ni ujenzi, umeme, mitambo, na pale inapofundishwa vizuri, kemia. Vitawi vyenye majina mazuri vipo na vitazidi kuwepo, na anaweza kuviendea katika shahada ya pili au kazini, akishajua soko linataka nini. Aliyesoma umeme anaweza kuhamia mawasiliano au nishati ya jua. Aliyesoma nishati ya jua peke yake akitaka kuhamia kwenye jenereta za bwawa atakutana na mlima.

Sasa kuna mzee mmoja wa gereji tuliyezungumza naye, na maneno yake yametukaa. Mwanawe alifaulu vizuri, akataka uhandisi wa mitambo. Mzee akaja kwetu baada ya swala ya Isha, amekasirika lakini kwa adabu. Akasema: "Maalim, mimi nimelala chini ya magari miaka thelathini. Nimemsomesha huyu ili atoke kwenye grisi. Nyinyi mnamrudisha kwenye grisi?" Alitaka kijana asomee kompyuta, akae ofisini, avae shati jeupe.

Tulimjibu, "Mzee wetu, hebu tuambie, pikipiki mnazotengeneza sasa ni za aina gani?" Akacheka. Alikuwa anajua. Hapa Kigali tangu Januari 2025 pikipiki mpya za abiria zinazotumia petroli hazisajiliwi tena, sharti ziwe za umeme. Pikipiki ya umeme haina kabureta, haina plagi, haina oili ya injini ya kumwaga. Ina betri, ina mota, na ina kidubwasha cha elektroniki kinachoamua betri itoe moto kiasi gani. Fundi mwenye uzoefu wa miaka thelathini anaifungua na kukuta maarifa yake mengi hayana mahali pa kushika. Tukamwambia: huyu kijana harudi kwenye grisi, huyu ndiye atakayeifanya gereji yako iwe hai miaka kumi ijayo. Na kama moyo wake uko kwenye mashine, tatizo lililopo ni kuchagua kati ya mitambo na umeme, si kati ya grisi na shati.

Mzee hakutujibu ndiyo wala hapana. Alisema atazungumza na mama yake kijana. Tulichojifunza kwake ni kwamba wazazi wengi hawachagui tawi, wanachagua nguo ambayo mtoto ataivaa. Na hilo tunalielewa, kwa sababu mtu aliyedharauliwa kwa mikono yake michafu hataki mwanawe adharauliwe. Lakini uhandisi wote una uchafu wake. Wa ujenzi ana matope, wa maji ana mitaro, wa umeme anapanda nguzo mvua ikinyesha. Hata wa kompyuta, siku mtambo ukizima saa nane za usiku, shati jeupe halimsaidii.

Kuhusu kompyuta tuseme kwa ufupi tu. Ni fani nzuri, na kwa kijana mwenye bidii ina mlango mmoja ambao fani nyengine hazina: anaweza kujifunza sehemu kubwa akiwa nyumbani, chuo au pasipo chuo. Kwa sababu hiyo hiyo wanaoishindania ni wengi mno, na cheti peke yake hakimtofautishi. Anayeipenda kweli utamjua, kwani hakusubiri chuo aanze. Anayeichagua kwa sababu hapendi jua, mwambie afikiri tena.

Tuangalie ardhi yetu yenyewe, maana Allah (S.W.T) ametuweka mahali penye kazi. Chini ya Ziwa Kivu kuna gesi iliyoyeyuka ndani ya maji, yapata kilomita za ujazo 60 za methani na 300 za kaboni dayoksaidi. Hii ni neema na ni hatari kwa pamoja. Ziwa dogo la Nyos kule Kameruni lilitoa kaboni dayoksaidi ghafla mwaka 1986, na watu wapatao 1,700 wakafa usiku mmoja bila ya moto wala mafuriko. Kandokando ya Kivu, kuanzia Goma na Rubavu hadi Bukavu na Rusizi, kunaishi watu zaidi ya milioni mbili, wakiwemo ndugu zetu wengi. Pale Karongi kuna mtambo unaoelea juu ya maji: unavuta maji kutoka kina cha mita 350 hivi, na yanapopanda juu mgandamizo hupungua, gesi inatoka mapovu kama soda iliyofunguliwa, inatenganishwa, inasafishwa, kisha maji yanarudishwa chini kwa hesabu ili tabaka za ziwa zisivurugike. Gesi inaletwa nchi kavu kwa bomba na kuwasha injini zinazotoa megawati 26.

Kijana anayeuliza "uhandisi gani" na atazame mtambo huo mmoja. Kutenganisha gesi na maji ni kemia. Pampu, mabomba na injini ni mitambo. Jenereta na waya zinazokwenda kwenye gridi ni umeme. Boti, nanga na gati ni ujenzi. Na wanaopima kila siku ziwa limetulia au la ni watu wa fizikia ya maji. Hakuna tawi hata moja ambalo lingeweza kufanya kazi ile peke yake. Ndiyo maana tunawacheka kidogo vijana wanaogombana barazani kuhusu tawi lipi ni "kubwa".

Na umeme ndio huo unaongezeka kila upande. Maporomoko ya Rusumo mtoni Akagera, megawati 80 zinazogawanywa baina ya Rwanda, Burundi na Tanzania. Karuma kule Uganda, megawati 600, uliozinduliwa Septemba 2024, nyumba ya mitambo yake ikiwa chini ya ardhi na mashine 6 za megawati 100 kila moja. Mabwawa hayo yatahitaji watu wa kuyatunza kwa miaka 50 au zaidi baada ya wajenzi wa kigeni kurudi kwao. Aliye na miaka 18 leo atakuwa bado kazini mashine hizo zitakapohitaji kufunguliwa na kufanyiwa matengenezo makubwa. Hii ndiyo maana tunasema umeme na mitambo si fani zilizopitwa.

Lakini kama mtu angetuuliza ni tawi gani jamii yetu ya Kiislamu inalihitaji zaidi hapa tulipo, tungesema ujenzi pamoja na maji, wala hatutasita. Mwezi wa Mei 2023, mvua ya usiku mmoja iliua watu zaidi ya 130 magharibi na kaskazini mwa Rwanda, mto Sebeya ukaingia majumbani Rubavu. Gatumba, kule Burundi, mto Rusizi na Ziwa Tanganyika wamewatoa watu makwao mara kadhaa. Mei 2021 Nyiragongo ulipolipuka, mitetemeko ilipasua kuta za nyumba Goma na Rubavu siku baada ya siku, na wengi walioulizwa nyumba zao zilijengwa na nani walisema fundi fulani. Fundi ni mtu mwema, lakini nondo ngapi na wapi, hilo lina hesabu yake.

Tena kuna misikiti yetu. Mwaka 2018 na tena mwaka 2024, nyumba nyingi za ibada nchini zilifungwa kwa kutotimiza masharti ya ujenzi, usalama na usafi. Makanisa ndiyo yalikuwa mengi, lakini nasi tulijifunza kitu. Msikiti uliojengwa kwa michango ya miaka kumi, matofali yakiletwa Ijumaa kwa Ijumaa, unaweza kusimama vizuri kwa macho na bado usiwe na mchoro uliosainiwa, kizuia radi, wala vyoo vinavyotosha. Ukimtafuta mhandisi wa kusaini, unamlipa mtu wa nje. Hatusemi kumlipa ni haramu, la hasha. Tunasema inauma, jamii yenye mafundi wengi kiasi hiki kukosa watu kumi wa kuandaa karatasi.

Na asidhani mtu kuwa ujenzi ni nyumba za mtaani tu. Waliojaaliwa kwenda Hija kwa ndege wamepita Jeddah katika kile kituo cha mahujaji chenye paa la mahema meupe yaliyoning'inizwa juu ya nguzo, upepo ukipita chini yake bila ya mashine. Aliyesimamia hesabu za mahema yale ni Fazlur Rahman Khan, Muislamu aliyezaliwa Dhaka mwaka 1929, msomi wa ujenzi. Huyo huyo ndiye aliyebuni mfumo uliosimamisha lile jengo la ghorofa 110 la Chicago ambalo kwa miaka mingi lilikuwa refu kuliko yote duniani. Alifariki mwaka 1982 akiwa Jeddah. Mamilioni ya watu wanapumzika kivulini pake wakiwa na ihramu, na hawajui jina lake.

Tufike kwenye mabinti, jambo ambalo baadhi ya ndugu zetu hawapendi tulitaje. Binti akifaulu Hisabati na Fizikia, nyumbani huambiwa "uuguzi" au "ualimu" kabla hajafungua mdomo. Tumesikia hoja kwamba karakana ni mahali pa wanaume. Tunawaheshimu wenye hoja hiyo, lakini tunauliza: hospitali ina mashine za kupimia wajawazito, mashine za kuwatunza watoto njiti, na zinapoharibika anaitwa nani aingie wodi ya wazazi? Uhandisi wa vifaa vya hospitali ni mlango ambao mabinti zetu wangeuingia kesho. Maabara za maji hivyo hivyo. Hijabu haimzuii mtu kushika bisibisi. Kinachotakiwa ni busara: kwenye mashine ya kukerezea vyuma mtandio unaoning'inia ni hatari ya kweli, unaweza kunaswa, kwa hiyo avae kilemba cha kubana na akiingize ndani ya kola ya ovaroli, na ovaroli iwe pana. Kina dada waliotangulia wanafanya hivyo na wanaswali Adhuhuri hapo hapo karakanani. Mzazi aulize mapema mambo ya bweni na usafiri wa jioni, hayo ndiyo yenye uzito.

Lipo suala zito zaidi, nalo ni la viwanda vya bia. Katika nchi zetu hizi viwanda hivyo ni miongoni mwa waajiri wakubwa wa wahandisi wa mitambo, umeme na kemia, na wanafunzi wengi hupelekwa huko kwa mafunzo ya vitendo. Kijana anakuja anatuuliza: "Maalim, mimi sinywi, nashughulikia boila tu. Kuna ubaya?" Jibu letu hatulizungushi. Mtume (S.A.W) hakumlaani mnywaji peke yake, bali na anayeikamua, anayeibeba na anayeiuza. Mwenye boila ya kiwanda cha bia yuko katika mnyororo huo. Aende kwa mkuu wa idara mapema, si wiki ya mwisho, aombe kwa heshima apelekwe kwengine: kiwanda cha saruji, cha chai, cha sukari, cha maziwa, cha sabuni, au mitambo ya kusafisha maji. Wengi waliowahi kuomba mapema walikubaliwa. Lakini pia tunawaambia wazazi wasimkataze mtoto kusomea kemia kwa sababu ya hofu hii. Mwenye kujua kuchemsha, kuchuja na kutenganisha ndiye huyo huyo anayetengeneza dawa na maji safi, na tukiiacha elimu hiyo kwa sababu wengine wanapikia pombe, tutabaki kununua hata sabuni.

Kuhusu wapi pa kusomea hatutasema mengi. Hapa Rwanda Chuo cha Sayansi na Teknolojia cha Chuo Kikuu cha Rwanda, pale ilipokuwa KIST tangu 1997, kina matawi makubwa. Makerere ni ya siku nyingi. Na wazazi wanaodharau ufundi wakumbuke kwamba ilianza mwaka 1922 ikiwa shule ya ufundi yenye wanafunzi 14 wakifundishwa useremala, ujenzi na umakanika. Ambaye alama hazikutosha shahada, vyuo vya ufundi vya Rwanda Polytechnic, iliyoundwa mwaka 2017, si jalala. Tumeona waliopitia diploma wakafika mbele ya wenzao, kwa kuwa walishika mashine mwaka wa kwanza. Wenye uraia wa Uganda, nchi iliyo mwanachama wa OIC tangu 1974, waulizie pia chuo cha OIC cha teknolojia kilichopo Gazipur karibu na Dhaka, kinachofundisha kwa Kiingereza. Rwanda, Burundi na Kongo si wanachama. Kwa jamii za Kiislamu za nchi kama zetu, Benki ya Maendeleo ya Kiislamu ya Jeddah ilianzisha mpango wake wa kusomesha mwaka 1983, ambapo aliyesomeshwa alirudisha fedha bila riba ili zimsomeshe mwengine wa jamii yake. Uzuri wa utaratibu ule ni kwamba misikiti yetu ingeweza kuuiga hata kwa mtoto mmoja kwa mwaka. Mikopo yenye riba, muulizeni imamu wenu kabla ya kusaini na si baada.

Na kijana mwenyewe atajijuaje? Hapa wanafunzi wetu wa zamani walikubaliana kuliko mahali pengine popote. Walisema: asiulize "kazi gani inalipa", aulize "hesabu gani haichoki kichwani mwangu". Mwenye kupenda kujua kwa nini kitu kinasimama na hakianguki, huyo ana ujenzi. Anayeweza kukubali kufanya hesabu za kitu asichokiona wala kukigusa, mpaka namba zenyewe ziwe za kufikirika, anaweza umeme, na asiyeweza atateseka mwaka wa pili. Anayefungua redio, saa na baiskeli za watu bila ruhusa, tunamjua sote mtaani, ana mitambo. Na asiyependa Hisabati kabisa, aliyepata alama kwa kukariri maswali ya miaka iliyopita, tumwambie ukweli kwa upole kwamba uhandisi wowote utamwonea. Kuna elimu nyengine nyingi zenye heri.

Wakaongeza jambo moja: kati ya matokeo na kufunguliwa chuo kuna wiki kadhaa ambazo vijana wetu huzimaliza kwenye simu. Aende gereji ya mjomba, aende kwenye jengo linalojengwa, aombe kumbebea fundi umeme begi lake bila malipo. Akirudi jioni amechoka na bado anauliza maswali, tawi limepatikana. Kisha aswali istikhara, na kabla ya istikhara ashauriane na watu, kwa kuwa hayo mawili huenda pamoja na mara nyingi tunafanya moja tu.

Yule kijana wa mzee wa gereji ameomba umeme. Wameafikiana hivyo baina yao, sisi hatukuwepo.

Kwa wazazi wa Nyamirambo na jirani: Jumamosi ijayo baada ya swala ya Alasiri tutakaa madrasani na wanafunzi wetu wa zamani watatu, mmoja wa maji, mmoja wa umeme, na dada mmoja wa ujenzi. Mzazi aje na mtoto, na mtoto aje na karatasi yake ya matokeo pamoja na fomu ambayo bado haijajazwa.

Wabillahi tawfiq.